Hilo Lina Mwenyewe: Kupima Ufahamu wa Msomaji Mdogo kwa Habari ya Makombe

Hotuba kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa elimu mliopo, walimu wenzangu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima ufahamu wa kusoma kwa watoto wadogo. Ningeweza kuanza na fasili za vitabuni, lakini kwa kuwa wengi wetu tutarudi madarasani Jumatatu na kusimama mbele ya watoto themanini kwa wakati mmoja, naona ni afadhali nianze na karatasi moja ambayo nimeitumia kwa miaka mingi, nimeisahihisha mara nyingi, na ambayo imenifunza juu ya kazi hii kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Ni habari fupi ya maneno 58 kuhusu makombe ya pwani. Nitaisoma yote, kwa sababu kila nitakalolisema baadaye litarudi hapo.

"Maji yalikuwa yamekupwa. Asha alikwenda pwani na bibi yake. Bibi alibeba ndoo, Asha alibeba kikapu. Waliokota makombe meupe na mengine ya rangi ya waridi. Karibu na mwamba Asha aliona kombe moja kubwa. Alipoliokota, lilitikisika mkononi. Aliliweka chini taratibu, akarudi nyuma. Bibi akamwambia, 'Umefanya vyema. Hilo lina mwenyewe.' Maji yalipoanza kujaa, walirudi nyumbani. Kikapu cha Asha kilijaa nusu tu."

Kwa mtoto wa hapa Tanga hakuna neno gumu humo, wala hakuna sentensi ndefu. Hata hivyo habari hii haisemi popote kwamba ndani ya lile kombe mlikuwa na kiumbe hai. Msomaji analazimika kulifikia jambo hilo mwenyewe kwa kuunganisha mambo matatu: kwamba kombe limetikisika mkononi, kwamba Asha ameliweka chini na kurudi nyuma, na kwamba bibi amesema lina mwenyewe. Mtoto akiyaunganisha matatu haya, ameielewa habari. Asipoyaunganisha, ametamka maneno 58 na habari yenyewe haijamfikia, hata kama hakujikwaa kwenye silabi moja.

Kiswahili kinatupa baraka ambayo walimu wa baadhi ya lugha nyingine hawana. Irabu zetu ni tano, kila moja ina sauti yake, na neno linaandikwa karibu sawasawa na linavyotamkwa, kiasi kwamba mtoto aliyezimudu silabi pamoja na sauti mwambatano kama mw, nd, ng' na ch anaweza kusoma kwa sauti neno lolote utakalomwekea mbele yake, hata neno ambalo hajawahi kulisikia maishani. Lakini baraka hiyo inaficha tatizo. Mwalimu wa Kiingereza akimsikia mtoto akikosea neno, mara nyingi kosa lenyewe linamwonyesha kwamba mtoto halijui neno hilo. Sisi hatupati ishara hiyo. Mtoto wetu anaweza kutusomea "lilitikisika" kwa sauti safi, mkazo ukiwa mahali pake, nasi tukampa vema, huku yeye hajui kama ni kombe lililotikisika au ni mkono wa Asha.

Hapa pwani liko jambo jingine la kuzingatia, nami nalisema kwa heshima, kwa kuwa nililelewa ndani yake. Watoto wetu wengi, kabla hawajaingia darasa la kwanza, wamekwisha kuanza kusoma chuoni kwa maalimu. Kule husoma Kurani kwa herufi na sauti zilizo sahihi, na usomaji huo una thamani yake, adabu yake na thawabu zake hata kabla mtoto hajafundishwa maana. Mtoto huyo anapofika kwetu na kuambiwa "soma", analeta alichokizoea: anatoa sauti iliyo sahihi na kunyamaza, akisubiri kurekebishwa. Hajakosea lolote, kwa maana neno moja, kusoma, limebeba kazi mbili, na ni wajibu wetu sisi kumweleza kwamba huku tunataka na ile ya pili. Mimi huwaambia hivi siku ya kwanza kabisa: "Ukimaliza kusoma nitakuuliza kilichotokea, kwa hiyo soma ukitazama kinachotokea." Kwa wengine sentensi hiyo peke yake imebadilisha usomaji wao ndani ya wiki moja.

Sasa nije kwenye maswali, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea kwa miaka mingi.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na maswali matano. Asha alikwenda wapi? Nani alibeba ndoo? Waliokota makombe ya rangi gani? Asha aliona kombe karibu na nini? Maji yalipoanza kujaa walirudi wapi? Darasa langu la pili lilifanya vizuri mno, karibu kila mtoto alipata matano kwa matano, nami nikapeleka matokeo ofisini kwa furaha. Mwenzangu mmoja, mwalimu mwenye umri kunizidi, aliyatazama maswali yale, akachukua chaki na kuandika ubaoni sentensi mbili za maneno aliyoyabuni hapo hapo: "Mapeshu yalizozona katika mgumbwe. Peshu moja lilimvuga Keli." Kisha akawauliza watoto: mapeshu yalizozona wapi? Darasa zima likajibu, "Katika mgumbwe." Peshu lilimvuga nani? "Keli." Wote walipata. Hakuna mtoto, wala mwalimu, aliyejua peshu ni nini.

Nawaomba kila mmoja wenu alifanye jaribio hilo kwa maswali yake mwenyewe kabla hajaingia nayo darasani. Chukua swali, tazama kama jibu lake linapatikana kwa kunakili neno linalofuata katika sentensi ya habari. Likiwa hivyo, swali lako linapima jicho la mtoto, uwezo wake wa kutafuta maneno yanayofanana, na uwezo huo anao hata mtoto asiyeelewa chochote. Sisemi maswali ya namna hiyo yaondolewe yote. Mimi nimebakiza moja mwanzoni, "Nani alikuwa na kikapu?", kwa sababu mtoto mwenye hofu huhitaji kuanza na jambo analolimudu. Lakini alama za swali hilo sizihesabu katika ufahamu.

Lugha yetu ina mtego mwingine, nao unawahusu hasa wale wanaotunga maswali ya kuchagua. Tazameni swali hili, nililowahi kulitunga na kulipenda: "Asha aliliweka ... chini taratibu", na chini yake majibu matatu: kikapu, kombe, ndoo. Mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili hahitaji kuisoma habari hata kidogo. Ile silabi "li" iliyo katikati ya "aliliweka" imekwisha kumpa jibu, kwa kuwa kikapu kingetaka "alikiweka" na ndoo ingetaka "aliiweka". Ulimi wake umejibu kabla ya akili yake. Sasa mfikirieni mtoto wa pili, aliyehamia hapa mwaka jana na wazazi wake, ambaye nyumbani anazungumza lugha nyingine, na ambaye ameielewa habari vizuri lakini upatanisho wa ngeli bado unamsumbua. Huyo anaweza kukosa. Kwa hiyo swali langu lilimpa alama mtoto asiyesoma na kumnyima mtoto aliyeelewa. Tangu nilipoligundua hilo, ninapotunga maswali ya kuchagua huhakikisha majibu yote ni ya ngeli moja, au kauli ya swali haina kiambishi kinachosaliti jibu.

Lakini viambishi hivyo hivyo, tukivitumia kwa uangalifu, ndivyo vinavyotupa maswali bora kabisa ya ufahamu, maswali ambayo ni ya Kiswahili chenyewe na hayakuazimwa kokote. Neno "alipoliokota" lina mtendaji, lina wakati uliopita, lina "po" ya wakati tukio lilipotokea, na lina "li" ya kitu kilichotendwa. Ni neno moja lenye kazi ya sentensi nzima. "Akamwambia" lina watu wawili ndani yake, na mtoto asiyeufuata mfululizo wa habari hawezi kujua nani alimwambia nani. Kwa hiyo nauliza: "Bibi aliposema 'hilo', alikuwa anasema juu ya nini?" Hapa hakuna sentensi ya kunakili. Mtoto lazima arudi nyuma, apite juu ya sentensi ya kuweka chini na ile ya kutikisika, alifikie kombe. Nimewaona watoto wakijibu "kikapu", wengine "ndoo", na mmoja alinijibu "mwamba", na kila jibu lilinionyesha mahali hasa ambapo uzi ulimkatikia.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: "Kwa nini Asha aliliweka chini lile kombe?" Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu majibu yake yana mafunzo mengi.

Mtoto mmoja atasema, "Kwa sababu lilitikisika." Jibu hilo ni sahihi nusu, na mwalimu mwenye haraka atalipa alama zote au atalinyima zote. Mimi husogea hatua moja, nikamwuliza, "Na lilitikisika kwa nini?" Akisema kulikuwa na kitu ndani, anajua, alikuwa amefupisha tu. Akinyamaza, ameishia kwenye neno lililoandikwa. Mtoto mwingine atasema, "Kwa sababu lilikuwa zito." Huyo amekisia kutokana na neno "kubwa". Mwingine atasema, "Kwa sababu ni la mtu mwingine, ni kama wizi." Jibu hili nimelipata mara nyingi, nalo lisidharauliwe, kwa kuwa mtoto huyu amelisoma neno "mwenyewe" kwa maana yake ya kawaida na kulifikiria, kilichomponyoka ni kutikisika kwa kombe tu. Huyo yuko mbele sana ya yule wa uzito, ingawa katika karatasi zetu nyingi wote wawili wangeandikiwa kosa na kuwekwa kundi moja.

Kisha liko jibu la watoto wa kwetu hapa: "Lina jini." Mara ya kwanza nilipolisikia nilitaka kulikataa. Lakini sote tuliokulia pwani tunajua kwamba wazee wakisema mahali fulani pana wenyewe, hawamaanishi wenye hati ya kiwanja. Mtoto yule alikuwa amechukua kutikisika kwa kombe, amechukua kurudi nyuma kwa Asha, amechukua neno la bibi, na kwa maarifa aliyolelewa nayo amefikia kwamba ndani yake mna kitu kinachoweza kusogea na ambacho hakipaswi kusumbuliwa. Ufahamu wa kusoma ndio huo. Nilimwuliza, "Umejuaje?", akanitajia mambo yote matatu kwa mpangilio. Nikampa alama kamili, na siku iliyofuata nikaleta darasani kaa aliyejihifadhi ndani ya gamba la konokono, tukazungumza habari za bahari.

Hata juu ya kiumbe mwenyewe, watoto wa wavuvi, na watoto ambao mama zao huenda kuchokoa chaza maji ya bamvua yanapokupwa mbali, wamenisahihisha. Walisema kombe hasa ni gamba pana, la mnyama mwenye magamba mawili, na kwamba yule kaa mwenye tumbo laini hutafuta gamba tupu la konokono wa baharini, hivyo kilichomtikisikia Asha lazima ni mwenye kombe mwenyewe, aliyelijenga kwa chokaa yake kidogo kidogo tangu alipokuwa mdogo. Wengine wakasema bibi na mjukuu huita kila gamba kombe, kwa hiyo kaa anawezekana. Walibishana kwa kuisoma habari tena na tena kutafuta ushahidi. Mwongozo wangu wa kusahihisha sasa unasema: mnyama yeyote, au kitu chochote chenye uhai, ni sahihi, mradi mtoto aweze kuonyesha kilichompeleka huko.

Sasa nieleze kilichonipata nilipohamishiwa bara, mkoani Singida. Niliichukua karatasi hii kama ilivyo, nikawapa watoto wa darasa la pili ambao, kwa nilivyowaona wakisoma vitabu vyao vya kiada, walikuwa wasomaji wazuri. Walianguka karibu wote. Mmoja wao, msomaji mzuri kuliko wenzake, nilimwomba anisimulie habari, akaniambia kwamba Asha na bibi yake walikwenda uwanjani wakapata makombe mengi, lakini moja kubwa walilirudisha kwa sababu lilikuwa la timu nyingine. Mtoto yule alikuwa na akili timamu kabisa. Kombe alilolijua ni lile wanalonyanyua wachezaji wa mpira, na kutokana na neno hilo moja alijenga habari nzima yenye mantiki, akaipatia hata "lina mwenyewe" mahali pake. Na huku kwetu nako neno hilo lina maana nyingine, kwani wapo watoto ambao kombe kwao ni maandishi ya aya yaliyooshwa sahanini na kunywewa na mgonjwa. Neno moja, maana tatu, na mtoto hatakwambia ni ipi aliyo nayo kichwani mpaka umwombe akusimulie.

Vivyo hivyo "maji yalikuwa yamekupwa". Kwa mtoto wa pwani sentensi hiyo ni picha kamili: mchanga umeachwa wazi, miamba imetokeza, muda wa kuokota ni mfupi na maji yatarudi. Kwa mtoto ambaye maji aliyoyaona yote ni ya kisima, ya bwawa na ya mto, ni sauti tupu. Hata neno "pwani" lenyewe limetoka humo humo, katika kupwa, ni mahali maji yanapopwa. Lakini mtoto hawezi kuusikia ukoo huo wa maneno kama hajawahi kuambiwa kwamba bahari huondoka na kurudi kila siku.

Jambo hili lilithibitishwa kwa utaratibu mzuri na watafiti wawili wa Marekani, Recht na Leslie, mwaka 1988. Waliwapa vijana 64 wa shule habari inayoeleza mchezo wa besiboli, wakiwa wamewagawa kwa uwezo wao wa kusoma na kwa ujuzi wao wa mchezo huo. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliikumbuka na kuieleza habari vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka yule mtoto wa Singida na makombe yake ya mpira, nikajua kwamba karatasi yangu ilikuwa imepima umbali wa kijiji chake na bahari.

Kuna njia mbili za kulitatua. Ya kwanza ni kubadili habari: Singida niliandika nyingine, ya mtoto anayekwenda kuokota kuni na kukuta kiota, yenye muundo ule ule na jambo lile lile lisilosemwa. Ya pili ni kuwaletea watoto bahari kabla ya karatasi. Nilipokwenda likizo nilirudi na katoni ya makombe, tukayashika, tukayatia majina, tukamwaga maji katika karai lenye mchanga ulioinama na kuyavuta nyuma ili waone maana ya kupwa na kujaa. Nililokuwa mwangalifu kulinyamazia ni moja tu: sikuwaambia kwamba wakati mwingine ndani ya kombe huwa mna mnyama aliye hai. Hilo niliwaachia walitafute wenyewe katika habari, na safari hii wengi walilipata.

Niseme pia neno juu ya muda. Tulipopokea mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mwaka 2015, wengi wetu tulizoea pia vipimo vilivyokuja pamoja na mageuzi yale. Kipimo cha stadi za awali za kusoma, ambacho taasisi ya RTI ya Marekani ilikibuni mwaka 2006 kwa ufadhili wa USAID na ambacho kilitumika hapa kwetu kwa watoto wa darasa la pili mwaka 2013, humpa mtoto kifungu kifupi na dakika moja, kisha humwuliza maswali kuhusu sehemu aliyoifikia tu. Kwa kazi ya kuitazama nchi nzima njia hiyo ina faida zake, na wanaofanya kazi hiyo wanajua mipaka yake. Tatizo hutokea pale mwalimu anapoichukua saa ile na kuiweka mezani kwake darasani. Katika habari yetu, mtoto anayesoma maneno 32 kwa dakika ataishia kwenye "kombe moja kubwa", hasa pale kombe linapoonekana kwa mara ya kwanza. Maneno ya bibi yako kuanzia neno la 43. Mtoto huyo hatafika kwa bibi, hataulizwa chochote kilicho na uzito, na kwenye daftari ataandikwa kwamba hana ufahamu, kumbe hakupewa nafasi ya kuuonyesha. Isitoshe, maneno yetu ni marefu. Kasi inayotarajiwa kwa lugha yenye maneno mafupi haiwezi kuhamishiwa kwenye "alipoliokota". Darasani mwangu saa inakaa mfukoni. Mtoto anasoma mpaka mwisho, na akitaka kusoma mara ya pili anasoma.

Na karatasi ibaki mbele yake wakati wa maswali. Tukiiondoa tunapima kumbukumbu. Ikibaki, tazameni kidole chake kinakwenda wapi anapoulizwa, kwa sababu mtoto anayejua arudi sentensi gani amekwisha kuwa msomaji, hata kama jibu lake bado halijatengemaa.

Najua swali lililoko mioyoni mwenu: watoto themanini, mwalimu mmoja. Mimi nilichukua watano kwa siku, asubuhi, wengine wakiwa wanaandika mwandiko. Kwa darasa la watoto 80 hizo ni siku 16 za shule, yaani wiki tatu na siku moja, na unarudia mara moja kila muhula. Mtoto anasoma kwa sauti ya chini, ananisimulia kwa maneno yake mwenyewe bila mimi kumsaidia, kisha maswali matano. Katika daftari naandika alichokisimulia, kwa ufupi, na swali lililomkwamisha. Namba sikuziandika kwanza. Niliziongeza baadaye kwa ajili ya ofisi. Mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao nilimruhusu kusimulia kwa lugha anayoimudu endapo alikuwepo mwenzake au mwalimu wa kunisaidia kuelewa, kwa kuwa nilitaka kujua kwanza kama habari ilimfikia, kisha ndipo nijue kama ana maneno ya kuitolea.

Tena tusidhani kwamba kuuliza ni kufundisha. Mtafiti Dolores Durkin, aliyeketi nyuma ya madarasa ya msingi nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1978, alikuta kwamba chini ya asilimia moja ya muda wa somo la kusoma ilitumika kumfundisha mtoto namna ya kuelewa. Muda mwingi walimu walikuwa wakiuliza maswali na kusikiliza majibu. Nadhani angeketi nyuma ya darasa langu la miaka ile angeandika vivyo hivyo. Sasa, nikishawapima, naichukua habari ile ile na kuisoma mbele yao nikifikiri kwa sauti: "Limetikisika. Makombe hayatikisiki yenyewe. Kuna nini hapa? Acha nisome mbele." Nasimama, narudi nyuma sentensi moja, naonyesha kwa kidole. Watoto wanahitaji kuona mtu mzima akitafuta maana, kwa sababu kazi hiyo hufanyika kichwani na hakuna anayeiona.

Swali langu la mwisho linahusu kikapu. "Kwa nini kikapu cha Asha kilijaa nusu tu?" Mwongozo nilioutunga ulisema: kwa sababu maji yalianza kujaa, wakalazimika kurudi. Binti mmoja wa darasa la pili, ambaye siku zote alikuwa akisoma polepole na kwa sauti isiyosikika vizuri, aliandika: "Kwa sababu alichukua yale yasiyo na wenyewe tu." Nilimwekea mkasi. Yule mwenzangu wa sentensi za mapeshu, tuliyekuwa tukisahihisha naye, aliichukua karatasi, akaisoma habari yote kwa sauti kuanzia mwanzo, kisha akaniomba nimwonyeshe sentensi inayolikataa jibu la yule mtoto. Niliitafuta. Haikuwepo, na hata jibu langu mwenyewe halikuandikwa popote, nalo nililikisia kama yeye alivyolikisia lake. Asubuhi iliyofuata nilimwita mezani, nikamwomba anisomee jibu lake mbele ya wenzake, nikaufuta mkasi wangu na kuandika vema, na tangu siku hiyo mwongozo wa swali la tano una majibu mawili, la pili likiwa kwa maneno yake mwenyewe.